Simu imekalia kiti cha kungwi: Nani alikiacha wazi?

 

Siku hizi ni nadra kutoka kwenye swala ya Ijumaa bila kusikia lawama moja: vijana wetu wameharibika, na aliyewaharibu ni simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliambiwa ni televisheni na utandawazi. Kabla ya hapo ilikuwa vibanda vya video, na kabla ya vibanda ilikuwa dansi. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu kwa vijana wa sekondari hapa Morogoro, na jioni nina darsa msikitini. Hao wanaolaumiwa ndio ninaoshinda nao. Nakubaliana na wazee wetu kwamba kuna jambo zito limetokea katika malezi. Ninapotofautiana nao ni pale tunapojiuliza limetokea vipi, kwa sababu ukikosea kujua ugonjwa, dawa nayo utaikosea.

Tunapenda kulitumia neno mmomonyoko wa maadili. Sisi watu wa Morogoro tunapaswa kulielewa neno hilo kuliko wengine, kwani tumelala chini ya mlima unaomomonyoka. Mvua imekuwa ikinyesha Uluguru tangu enzi na enzi. Udongo ulianza kuteremka kwa wingi pale miti ilipokatwa na mizizi iliyokuwa imeushika ikaondoka. Udongo huo unateremka na mito hadi Bwawa la Mindu, ambalo mji wetu unalitegemea kwa maji. Mkulima mwenye akili wa Mgeta au Kinole hasimami shambani akailaani mvua. Anauliza mizizi imekwenda wapi.

Basi na sisi tuulize: mizizi ya malezi imekwenda wapi?

Macho ya watu yalivyopungua

Mji wetu una historia ya muziki ambayo kila mzee wa hapa anaijua. Miaka ya 1960 na 1970 Morogoro ilivuma kwa bendi za dansi, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz alikopigia Mbaraka Mwinshehe. Masheikh wa wakati ule walikemea dansi, na walikuwa na haki ya kukemea. Lakini tuangalie jambo moja. Kijana aliyetaka kwenda dansini ilimlazimu atoke nyumbani, apite mtaani, asimame mlangoni alipe kiingilio, kisha arudi usiku. Njiani alionwa na jirani, na rafiki wa baba yake, na muuza kahawa. Kesho yake mjomba alikwisha kupata habari. Kijana aliweza kukosea, lakini hakuweza kukosea bila macho ya watu.

Kikaja kibanda cha video. Hapo kijana alijificha ndani ya chumba cha giza, ila bado alikaa na wenzake, na mtaa ulijua kibanda kile kinaonyesha nini. Mwaka 1994 televisheni zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Ikaingia sebuleni, lakini ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Likija jambo la aibu, baba alikohoa na mtu akabadilisha kituo.

Leo ukisimama Msamvu ukatazama juu, utaiona minara ya mawasiliano kwenye kilele cha Bondwa. Kinachopita katika minara kama ile hakiishii sebuleni. Kinaingia chini ya shuka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyelala chumba kimoja na wadogo zake anaweza kutazama saa sita usiku yale ambayo babu yake hakuyaona maisha yake yote, na asubuhi akaamka, akaoga, akavaa kanzu akaja madrasa. Hakuna jirani aliyemwona. Hakuna muuza kahawa.

Kwa hiyo ndugu zangu, dhambi zenyewe si mpya. Kilichopungua hatua kwa hatua, kutoka dansi hadi simu, ni macho ya watu. Tulimlea kijana kwa kutegemea haya ya kuonwa. Sasa haonwi, na haya ile haina pa kushika.

Hapa ndipo tunapouona ukubwa wa Luqman. Katika sura iliyobeba jina lake (31:13-19), Mwenyezi Mungu ametusimulia jinsi mzee huyo alivyokaa na mwanawe akamfundisha. Mara tatu anamwita kwa mapenzi, ewe mwanangu mdogo. Anaanza na tauhidi. Kisha, kabla hajamwamrisha swala na kabla hajamkataza kiburi, anamweleza jambo ambalo kijana wa zama hizi analihitaji mno: kwamba kitu chenye uzito wa chembe ya hardali, hata kikiwa ndani ya jabali, au mbinguni, au ardhini, Mwenyezi Mungu atakileta. Angalieni mpangilio huo. Mtoto anajengwa kwanza ajue kuwa yuko Anayemwona ndani ya mwamba, ndipo anapewa amri na makatazo. Sisi wengi wetu tunaanza na makatazo, tena kwa ukali. Mtoto anajifunza kumkwepa baba. Akisha kumkwepa baba, kwake yeye kazi imekwisha.

Kiti kilichoachwa wazi

Jambo la pili lililoondoka ni mwalimu.

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika malezi yake. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na wakati wa kukaa ndani ulikuwa mrefu, hasa zamani. Alikuwa na kungwi wake, mtu anayejulikana kwa jina, ambaye ukoo ulimkabidhi kazi ya kumfundisha mwili wake, usafi wake, mume, mimba na adabu mbele ya wakubwa. Wavulana nao walikuwa na jando. Mwali akija kuharibikiwa, swali la kwanza lilikuwa: nani alimfunda?

Sitaki nieleweke vibaya. Masheikh wetu walizipinga ngoma hizi, na hoja zao ni nzito. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za matusi, mlikuwa na mambo ya mizimu, na binti mdogo alitolewa nje kama kwamba sasa yuko tayari kwa kila mwanamume. Uislamu hauwezi kuyapitisha hayo. Aidha, shule, mji na kazi vimezipunguza ngoma hizi hata pale ambapo hakuna sheikh aliyezikataza. Sioni sababu ya kuzililia.

Lakini ndani ya ngoma ile mlikuwa na kitu kimoja chema, nacho ni kwamba kila mtoto alikuwa na mtu mzima mmoja aliyepewa dhamana ya kumwambia mambo ya utu uzima, kwa wakati wake, faraghani, na mtoto akijua kuwa huyu ndiye wa kumuuliza. Ngoma ikapigwa vita, na kile chema kikaondoka pamoja nayo. Kiti cha kungwi kikabaki wazi. Mama akaona haya kusema. Baba akasema hiyo ni kazi ya mama. Mjomba yuko Dar es Salaam. Shule ina kipindi cha baiolojia, ambacho kinaeleza viungo bila kueleza halali na haramu. Madrasa nyingi zinamfikisha mtoto Juzuu Amma, zinamfundisha nguzo za udhu, kisha anabalehe na kupotea.

Simu haikumfukuza mtu katika kiti hicho. Ilipofika ilikikuta kitupu, ikakaa. Na simu ni kungwi asiyechoka, asiyeona haya, asiyeuliza umri wa mwali, na asiye na ukoo wa kumdai pale mwali anapoharibikiwa.

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi. Hata yale yaliyokuwa siri ya kungwi na mwali sasa yamepandishwa jukwaani. Tunazo kicheni pati za ukumbini, tunavyo vigodoro vya mitaani vinavyokesha kwa maspika, na pembeni wamesimama watu na simu zao wakirekodi. Yale yaliyosemwa ndani ya nyumba, kwa mtu mmoja aliyefikia umri wake, yanafika kwa mtoto wa darasa la nne kabla karamu haijaisha. Tumeuondoa mlango wa unyago tukaacha matusi yake.

Karatasi zisizo na majina

Katika kufundisha huwa nawapa wanafunzi vipande vya karatasi waandike maswali bila majina. Nawaambia waulize lolote. Nitataja mawili tu ambayo hayamtambulishi mtu, kwa kuwa yanajirudia kila mwaka kwa maneno mbalimbali.

La kwanza ni la wavulana. Anaandika kwamba usiku hutazama picha chafu katika simu, akimaliza hulia, hutubia, huapa hatarudia, kisha hurudia. Anauliza kama kuna haja ya kuendelea kuswali, maana anajiona mnafiki.

La pili ni la mabinti. Mmoja aliandika kwamba alipata hedhi kwa mara ya kwanza ndani ya Ramadhani, akaendelea kufunga na kuswali siku zote zile kwa kuwa hakujua amwambie nani. Baadaye aliazima simu akatafuta jibu. Akapata majibu matatu yanayopingana.

Ndugu msomaji, binti huyo ana mama, na bila shaka ana shangazi na majirani wanaoswali. Amekaa katikati ya Waislamu, na hakuna aliyemtangulia hata kwa nusu saa kumwambia jambo ambalo kila mwanamke hapa duniani hulipitia. Je, hapo wa kulaumiwa ni simu?

Mama wa Waumini Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliyauliza mambo ya hedhi na janaba mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akawajibu. Hiyo ndiyo haya ya Kiislamu. Haya inayomwacha mtoto wa kike katika giza sisi tumeirithi kwingine tukaivalisha kilemba.

Na yule mvulana? Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama (R.A.), kijana alimjia Mtume (S.A.W.) akamwomba waziwazi ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwepo wakamkaripia. Mtume yeye akamwambia asogee karibu, akamkalisha. Akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kisha kwa binti yake, dada yake, shangazi yake na mama yake mdogo. Kila mara kijana akajibu hapana, na Mtume akamweleza kuwa watu wengine nao hawalipendi kwa ndugu zao. Kisha akaweka mkono wake juu yake akamwombea asamehewe dhambi, moyo wake utakaswe na tupu yake ihifadhiwe. Kijana yule hakugeukia tena jambo lile.

Tuwatazame waliokaripia na tumtazame Mtume. Wale walikuwa watu wema, walikasirika kwa ajili ya dini. Lakini kama mambo yangeishia kwao, kijana angeondoka na haja yake ileile, na safari nyingine asingeuliza. Leo sisi wengi wetu tumesimama na waliokaripia. Kijana akisikia karipio lile mara moja, anajua kuna mahali pengine pa kuuliza ambapo hakaripiwi. Anapo mfukoni.

Basi kwa huyo mvulana jibu langu ni hili, na nalisema hapa kwa kuwa najua wapo wengi wanaosoma ukurasa huu wakiwa na mzigo huo huo. Usiache swala. Shetani hana haja na zile picha. Anazitumia ili akufikishe hapo unapojiona hufai kusimama mbele ya Mola wako. Mwenyezi Mungu amewakataza waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema yake (39:53). Tubia tena, hata iwe mara ya mia. Kisha funga njia: usilale na simu, usikae peke yako bila kazi, funga saumu za sunna, na mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini umwambie. Maradhi haya hustawi gizani.

Mkeka na hesabu

Isidhaniwe kuwa kungwi huyu mpya anafundisha mambo ya mwili tu. Anafundisha na pesa. Ukipita kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Msamvu, Kihonda au karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, utawakuta vijana wameinama juu ya simu wakipanga mikeka. Kubeti kumekuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba mwaka 2017 Simba na Yanga, timu zinazogawa nchi nzima mara mbili, zote mbili zilivaa jina la kampuni moja ya kubeti kifuani. Mtoto aliyenunuliwa jezi siku ya Idi alilivaa jina hilo akaenda nalo kuswali.

Mwenyezi Mungu ameikataza kamari pamoja na pombe katika Suratul Maidah (5:90-91), na akaeleza sababu: Shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia kumkumbuka Yeye na kuswali. Anayetaka kuishuhudia aya hiyo akae kijiweni wiki moja. Kijana anaweka hesabu ya tajiri wake kwenye mkeka akitarajia kuirudisha jioni. Mkeka unachanika. Jioni hesabu haipo, tajiri anachukua pikipiki, mke anabaki bila pesa ya unga, na urafiki wa miaka unakwisha kwa matusi. Adhana ya Isha inaadhiniwa naye anafuatilia mechi ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Uadui umeshaingia, dhikri na swala vimeshaondoka. Aya imetimia hatua kwa hatua.

Nani alimfundisha kijana huyu namna ya kuchuma? Mjomba wa zamani alimchukua mpwa wake shambani Mkuyuni au Matombo, akamwonyesha mpaka, akampa jembe. Kazi ilikuwa ngumu na pato lilikuwa dogo, lakini kijana alijua mgomba hauzai usiku mmoja. Kungwi wa mfukoni anamwambia kuwa unazaa ndani ya dakika tisini. Na kijana asiye na ajira, aliyeoneshwa mahari asiyoiweza na harusi asiyoimudu, anaona ahadi ile ni bora kuliko kungoja.

Simu haipigi hodi

Sasa tufanye nini? Kuna wanaosema simu zinyang'anywe zote. Mimi siwaungi mkono kwa kijana aliyekwisha kuwa mkubwa. Mkulima wa Kinole anauliza bei ya ndizi kwa simu. Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, mtoto anayesoma mbali anatumiwa nauli kwa simu. Qur'an yenye tafsiri imo ndani ya simu, na darsa za masheikh wakubwa zimo. Ukimnyang'anya kijana simu nyumbani, ataazima ya mwenzake, na sasa utakuwa hujui anatazama nini wala na nani.

Lakini ipo aya ambayo ningependa kila nyumba ya Kiislamu iisome upya. Katika Suratun Nur (24:58) Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba hata watoto ambao hawajabalehe waombe ruhusa kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya swala ya Isha. Aya inayofuata inawataka waliobalehe waombe ruhusa nyakati zote. Tujiulize, kwa nini sheria hii ndogo ya hodi iteremshwe kutoka mbinguni? Ni kwa sababu jicho la mtoto lina thamani kwa Mola wake, na yapo mambo ambayo halipaswi kuyaangukia kabla ya wakati.

Sisemi kwamba aya inazungumzia simu. Nasema hekima yake inatufundisha. Tumemfundisha mtoto apige hodi kwenye mlango wetu, kisha tumempa kitu kisichopiga hodi kwake. Kinaingia chumbani mwake katika nyakati zile zile, hasa baada ya Isha hadi Alfajiri. Hivyo basi, nyumba ijiwekee kanuni moja iliyo wazi: baada ya Isha simu zote zinalala sebuleni hadi baada ya swala ya Alfajiri. Ninaposema zote, namaanisha na ya baba, na ya mama. Kanuni inayowabana watoto peke yao watoto huiona ni uonevu, nao hawajakosea sana.

La pili, kila msikiti ukijaze kile kiti. Hatuhitaji jengo wala mfadhili kutoka nje. Tunahitaji mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wacha Mungu, wenye elimu na wenye ulimi wa upole, ambao mtaa unawajua kuwa ndio wa kuulizwa. Likizo za Juni na Desemba zipo kila mwaka. Watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili wakusanywe, mabinti mbali na wavulana mbali, wafundishwe balehe na alama zake, hedhi na janaba, namna ya kuoga, kuinamisha macho, hatari za simu, pesa ya halali, na maana ya ndoa. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tutenganishe malazi ya watoto wafikapo miaka kumi. Ina maana dini inatangulia balehe, haiisubiri. Tukiwaita wakiwa na miaka kumi na saba, tutawakuta wamekwisha kufundwa.

La tatu, wajomba na mashangazi warudi kazini. Mtoto kuona haya kumuuliza mzazi ni jambo la kawaida, na wazee wetu walilijua, ndiyo maana kungwi hakuwa mama mzazi. Mjomba aliyeko Dar es Salaam aitumie simu hiyo hiyo tunayoilaumu, ampigie mpwa wake kila wiki, asiishie kuuliza matokeo ya mtihani.

La nne linatuhusu sisi watu wazima, na pengine ndilo gumu. Linapotokea tukio la aibu la kijana, video yake hufika kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na hata ya misikiti, ikiwa na maneno haya juu yake: oneni watoto wa siku hizi. Mtumaji anadhani anaonya. Mwenyezi Mungu amewaahidi adhabu kali, duniani na Akhera, wale wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini (24:19). Anayeituma video hiyo kwa watu mia anaueneza uchafu kwa watu mia, hata akiuandikia astaghfirullah. Sheria ya nchi nayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inauhesabu usambazaji wa picha za ngono kuwa jinai. Lakini kabla ya sheria ya nchi tunayo hadithi sahihi kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Yule binti aliyerekodiwa bado yu hai, anaishi mtaa fulani, na kila anayeibonyeza ile video anamfungia mlango wa kurudi.

Na kwa vijana wenyewe nina neno moja. Msidhani kuwa kulaumiwa kwa wazee ni kuwavua nyinyi jukumu. Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa (17:36). Siku hiyo hakuna atakayeruhusiwa kujitetea kwa kusema alifundishwa na simu. Mkiwa na swali, mtafuteni mtu. Ustadhi anaweza kuchelewa kujibu, anaweza hata kukwambia ngoja nikaulize, lakini anakujua jina, na akikosea atakutana nawe swala inayofuata. Simu haina swala ya kukutana nawe.

Mkoa wetu wa Morogoro una watu zaidi ya milioni tatu kwa sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Likizo ijayo iko karibu. Naomba kila anayeusoma ukurasa huu alipeleke swali moja kwa kamati ya msikiti wake baada ya swala ya Ijumaa: katika msikiti huu, mtoto akiwa na jambo la aibu, wa kumuuliza ni nani? Jina likitajika, tumshukuru Mwenyezi Mungu na tumsaidie mtu huyo. Lisipotajika, tusitoke msikitini mpaka litajike.